Damu Haijui Stenti Iko Wapi

Mgonjwa aliyewekewa stenti kwenye mshipa wa moyo akirudi kliniki baada ya miezi michache, swali lake mara nyingi si juu ya dawa. Huuliza kama hakuna kipimo cha damu cha kuonyesha iwapo mshipa uliozibuliwa umeanza kuziba tena. Ni swali la haki kabisa. Sukari hupimwa kwa tone la damu kidoleni, malaria vivyo hivyo, na figo na ini hujieleza kwenye karatasi ya maabara kabla ya jua kutua. Iweje moyo peke yake udai mtu alazwe kitandani, aingizwe katheta mkononi au pajani, adungwe dawa ya kung'arisha mishipa na kupitishiwa mionzi, ndipo hali yake ijulikane?

Watafiti wamelifukuzia jambo hilo tangu miaka ya 1990. Wamepima protini, vimeng'enya, mafuta, chembe nyeupe, na siku hizi hata vipande vidogo vya RNA vinavyoelea kwenye damu. Wameandika makala nyingi mno. Hata hivyo, kipimo ambacho daktari anaweza kukijaza kwenye fomu leo na kukitegemea hakipo. Msimamo wangu ni kwamba ukame huo hautokani na uvivu wala uhaba wa fedha. Unatokana na jinsi tatizo lenyewe lilivyo. Na hata kipimo hicho kikipatikana kesho, kazi yake itakuwa ndogo kuliko wengi wanavyotarajia.

Tuanze na mshipa. Septemba 16, 1977, mjini Zurich, Andreas Grüntzig alipitisha puto dogo ndani ya mshipa wa moyo wa mgonjwa aliyekuwa macho, akalijaza, na mafuta yaliyobana njia ya damu yakakandamizwa ukutani. Ilikuwa mara ya kwanza duniani. Furaha ilikuwa kubwa, lakini katika miaka iliyofuata ilidhihirika kwamba kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu mshipa ulirudi kuwa mwembamba ndani ya miezi sita. Mwaka 1986 Jacques Puel huko Toulouse na Ulrich Sigwart huko Lausanne wakaanza kuacha ndani ya mshipa kibomba cha wavu wa chuma cha kuushikilia ukuta usijikunje. Hiyo ndiyo stenti. Mwaka 1994 jaribio la BENESTENT la Ulaya lilitoa hesabu: kati ya waliowekewa stenti, asilimia 22 waliziba tena, kati ya waliopanuliwa kwa puto peke yake, asilimia 32. Nafuu ilikuwapo. Hata hivyo, mgonjwa mmoja kati ya watano alikuwa bado anarudi pale pale.

Chuma kiliuzuia mshipa kujikunja. Hakikuweza kuuzuia mwili usitibu jeraha lake. Puto linapojaa na nyaya za stenti zinapojikita ukutani, utando laini wa ndani ya mshipa huchubuka. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, hukusanyika mahali hapo, zikifuatwa na chembe nyeupe, na zote hutoa kemikali za kuita nyingine. Hali hiyo ya mwili kujihami, ambayo madaktari huiita mchochota, huziamsha seli za misuli laini. Kwa kawaida seli hizo hukaa katikati ya ukuta wa mshipa zikifanya kazi ya kukaza na kulegeza. Zikiamshwa hubadili tabia: huacha kukaza, huanza kugawanyika, huhamia upande wa ndani na kujitandazia nyuzi za protini. Linalotokea ni kovu. Kovu jembamba ni jema, kwa sababu hukifunika chuma na kuizuia damu isigande juu yake. Likinenepa kupita kiasi hula nafasi ya damu. Kwa hesabu ya wataalamu, mshipa umeziba tena pale upana wake ndani ya stenti, au ndani ya milimita 5 kutoka kwenye ncha zake, unapopungua kwa asilimia 50 au zaidi.

Dawa ya kulituliza kovu hilo ilitoka mahali ambapo hakuna aliyepategemea: udongo wa kisiwa cha Rapa Nui katika Bahari ya Pasifiki, uliokusanywa na msafara wa Wakanada mwaka 1964. Bakteria wa udongo ule hutengeneza kemikali iliyopewa jina la kisiwa, rapamaisini, ambayo leo hospitalini huitwa sirolimasi. Huizuia seli isigawanyike. Stenti iliyopakwa dawa hiyo ilijaribiwa katika utafiti wa RAVEL, matokeo yakachapishwa mwaka 2002: miezi sita baadaye hapakuwa na hata mgonjwa mmoja wa stenti yenye dawa aliyeziba tena, ilhali kwa stenti tupu walikuwa asilimia 26.6. Wapo walioamini kwamba ugonjwa wa stenti kuziba umezikwa rasmi.

Haukuzikwa. Madaktari wa Munich, ambao kwa miaka mingi waliwarudisha wagonjwa wao kupigwa picha ya mishipa kati ya mwezi wa sita na wa nane hata kama hawana dalili, walichapisha mwaka 2014 hesabu ya wagonjwa 10,004. Kwa stenti tupu, asilimia 30.1 walikuwa wameziba tena. Kwa stenti za dawa za kizazi cha kwanza walikuwa asilimia 14.6, na kwa zile za kizazi kilichofuata asilimia 12.2. Wanaohitaji kutibiwa upya ni wachache kuliko hao, kwa sababu si kila mshipa uliopungua kwenye picha humuumiza mwenye nao. Lakini tusijidanganye kwamba ni jambo dogo. Uchunguzi mmoja wa Marekani uliofuatilia matukio 1,186 ya kuziba kwa stenti tupu, uliochapishwa mwaka 2006, ulikuta asilimia 9.5 walijitokeza na shambulio la moyo, na wengine asilimia 26.4 na maumivu ya kifua makali kiasi cha kulazwa.

Hapo ndipo hamu ya kipimo cha damu inapoeleweka. Tatizo ni kwamba wanaokitafuta huchanganya maswali mawili yasiyofanana. La kwanza huulizwa kabla au siku ileile ya kuwekewa stenti: huyu ni mtu wa aina gani, mwili wake una mwelekeo wa kuotesha kovu nene? La pili huulizwa baada ya miezi: kovu limeshaota? Kiashiria kinachojibu swali la kwanza kinaweza kabisa kuwa bubu kwa la pili. Ukisoma makala za eneo hili, angalia kwanza damu ilichukuliwa lini. Nyingine zilichukua kabla ya stenti, nyingine saa 24 baada yake, nyingine siku mgonjwa aliporudi na maumivu. Kisha waandishi wa mapitio huzijumlisha kana kwamba zilipima kitu kimoja.

Kiashiria kilichopendwa kuliko vyote ni CRP, protini ya ini iliyogunduliwa mwaka 1930 na William Tillett na Thomas Francis katika damu ya wagonjwa wa nimonia. Hupanda kila mahali mwili unapopigana na kitu, na hupimwa kwa bei nafuu. Hoja ilikuwa nyoofu: kama kovu huanzishwa na mchochota, basi aliye na mchochota mwingi atapata kovu kubwa. Katika zama za stenti tupu, tafiti kadhaa ziliunga mkono hoja hiyo. Waitaliano wakaenda hatua moja zaidi, na hapa ninawavulia kofia. Hawakuridhika kutabiri, walitibu kwa kufuata kipimo. Katika jaribio lao la IMPRESS, lililochapishwa mwaka 2002, waliwachukua wagonjwa 83 ambao CRP yao ilibaki juu saa 72 baada ya stenti. Nusu waliwapa vidonge vya predinisoni, nusu vidonge bandia. Miezi sita baadaye waliokuwa wameziba tena ni asilimia 7 katika kundi la dawa na asilimia 33 katika kundi jingine.

Kwa nini basi hatuwapimi watu wote CRP na kuwapa predinisoni? Kwanza, 83 ni wagonjwa wachache, na predinisoni hupandisha sukari na shinikizo la damu, ambayo ndiyo maadui wakuu wa watu hawahawa. Pili, mwaka huohuo stenti yenye dawa ilifika. Dawa ilipowekwa moja kwa moja kwenye ukuta wa mshipa, uhusiano wa CRP ya damu na kovu la pale ukalegea. Tafiti za stenti mpya zikaanza kupishana, hii ikisema upo, ile ikisema haupo. Viashiria vingi vimekufa hivyo. Havikuwa vya uongo, ila vilipimwa kwa stenti ambayo leo haitumiki sana.

Hadithi ya homosisteini ni kali zaidi, na ningependa kila mwanafunzi wa udaktari aijue. Homosisteini ni kitu kinachobaki pale mwili unapovunjavunja protini fulani. Ikizidi katika damu huambatana na magonjwa ya mishipa, na huteremshwa kwa urahisi na vitamini: asidi ya foliki, B6 na B12. Mwaka 2001 kundi la Uswisi lilichapisha matokeo ya wagonjwa 205 waliozibuliwa mishipa, baadhi kwa puto tu na baadhi kwa stenti. Waliopewa vitamini hizo walioziba tena walikuwa asilimia 19.6, na waliopewa vidonge bandia asilimia 37.6. Vidonge vya foliki! Vilevile wanavyopewa akina mama wajawazito katika kila zahanati. Bei yake haifikii hata nauli ya daladala. Madaktari wengi walianza kuviandika papo hapo.

Mwaka 2004 likaja jaribio kubwa zaidi la Ulaya, wagonjwa 636, safari hii wote wakiwa wamewekewa stenti. Homosisteini ilishuka kama ilivyotarajiwa. Na mishipa ikaziba zaidi: asilimia 34.5 kwa waliomeza vitamini, asilimia 26.5 kwa wasiomeza. Nafuu ilionekana tu kwa wanawake, kwa wenye kisukari na kwa wale ambao homosisteini yao ilikuwa juu sana tangu mwanzo. Maelezo yanayoaminika ni kwamba foliki ni malighafi ya kutengenezea DNA. Seli inayogawanyika huihitaji, na kovu la ndani ya stenti kwa sehemu kubwa ni seli zinazogawanyika. Tulikuwa tunapalilia magugu. Karatasi ya maabara ilimpongeza mgonjwa huku mshipa wake ukifunga.

Nimelieleza hilo kwa urefu kwa sababu ndani yake mna kosa ambalo hurudi kila kizazi: kuona kiashiria na ugonjwa vikitembea pamoja, kisha kuamini kwamba ukikishika kiashiria umeushika ugonjwa.

Kizazi cha sasa kina wapenzi wake. Kuna MMP-9, kimeng'enya kinachokata nyuzi za ukuta wa mshipa na kuzifungulia njia seli zinazohama. Katika baadhi ya tafiti ndogo kilikuwa juu kwa watu walioziba. Nakipita haraka, kwa sababu hupanda pia kwa mvutaji sigara na kwa mwenye maambukizi ya mapafu. Kinachovutia kweli ni maikroRNA, vipande vifupi vya RNA visivyotengeneza protini bali huzima na kupunguza kazi ya jeni. Victor Ambros na Gary Ruvkun walivieleza mwaka 1993 katika mnyoo mdogo wa maabara, wakapewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2024. Katika mishipa, miR-143 na miR-145 huzishikilia seli za misuli laini zibaki katika kazi yao ya kukaza. Zikipungua, seli huasi. Kinyume chake, miR-21 huzisukuma zigawanyike. Katika panya, kuizima kulipunguza kovu. Na miR-126 ni ya utando wa ndani unaojaribu kujifunika upya. Kwa mara ya kwanza tuna viashiria ambavyo ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, tofauti na CRP ambayo ni moshi wake tu.

Lakini mambo ya maabara yana fitina zake. Chembe nyekundu zikipasuka kwenye sindano, humwaga maikroRNA zake na kuharibu hesabu. Chembe sahani nazo zinatoa zake, na aspirini na klopidogreli, ambazo wengi wenye stenti humeza, hubadili kiasi kinachotoka. Juu ya yote, heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda ambayo mgonjwa hupewa akiwa mezani kwenye chumba cha katheta, huivuruga mashine ya PCR inayotumika kuhesabu RNA hizo. Damu iliyochukuliwa siku ya stenti, siku ambayo ndiyo rahisi kuichukua, ndiyo iliyochafuka kuliko zote. Ongeza kwamba kila maabara ina namna yake ya kulinganisha namba, na makundi yaliyopimwa mara nyingi ni ya watu makumi. Ni sayansi nzuri, ila haijafikia kuwa kipimo cha hospitali.

Hata hivyo, fitina za maabara zinaweza kurekebishwa. Kisichorekebishika ni hesabu ya nafasi. Stenti ya kawaida ina upana wa milimita 3 na urefu wa milimita 18 hivi. Ukuta inaougusa hauzidi sentimita mraba 2. Chochote kinachovuja kutoka pale huingia katika lita tano za damu, na humo hukuta vitu vilevile kutoka kwenye goti lenye yabisi, fizi zinazovuja damu, kidonda cha mguu, mapafu yenye kikohozi, na mishipa mingine yote yenye mafuta. Kuchukua damu ya mkononi ili kujua hali ya stenti ni sawa na kuchota maji pale Rufiji inapomwagika baharini, ukataka yakuambie ni kijito gani huko juu kilichobomoa ukingo wake. Troponini, kipimo cha damu cha shambulio la moyo, inafanikiwa kwa sababu inatoka kwenye misuli ya moyo. Ikionekana kwa wingi katika damu, msuli umejeruhiwa. Lakini troponini hutangaza hasara iliyokwisha kutokea. Mshipa unaojibana polepole bila kuua msuli haiutambui.

Halafu kuna sababu za kuziba ambazo damu haihusiki nazo hata kidogo. Stenti iliyowekwa bila kutanuliwa vya kutosha. Stenti fupi kuliko ugonjwa iliokusudiwa kuufunika. Waya uliovunjika. Hata unene wa nyaya: katika jaribio la ISAR-STEREO la mwaka 2001, stenti za nyaya nyembamba, mikromita 50, ziliziba kwa asilimia 15.0 ya wagonjwa, na za nyaya nene, mikromita 140, kwa asilimia 25.8. Tofauti yote hiyo imeletwa na fundi wa kiwandani. Hakuna protini duniani itakayokuambia kwamba daktari alichagua kipimo kidogo cha stenti. Kamera au kifaa kidogo cha mawimbi ya sauti kinachopitishwa ndani ya mshipa siku ileile ya kazi kitakuambia, na hapo ndipo ningependa fedha ziende kwanza.

Tuseme basi Mungu ametujalia kipimo kizuri, bora kuliko vyote vilivyowahi kuchapishwa na kurudiwa: kinawanasa asilimia 80 ya walioziba na kuwaachia huru asilimia 80 ya wasioziba. Pima watu 1,000 wasio na dalili, 100 kati yao wakiwa wameziba kweli. Kipimo kitawanasa 80, na 20 watakwenda nyumbani wakiamini wako salama. Kati ya 900 wazima, 180 wataambiwa wana hatari. Kwa hiyo watu 260 wataingizwa katheta, na zaidi ya theluthi mbili yao bila sababu, kila mmoja akibeba hatari ya kutokwa damu, ya figo kuchoka kwa dawa ya kung'arisha, na ya gharama. Na daktari akishaona mbano kwenye picha, mkono wake humwasha. Stenti nyingine huingia hata pale ambapo mgonjwa hakuwa na shida.

Je, hao 80 walionaswa mapema wangenufaika? Wakorea waliuliza swali la namna hiyo kwa vitendo katika jaribio la POST-PCI, lililochapishwa mwaka 2022. Wagonjwa 1,706 wenye hatari kubwa waligawanywa: nusu walifanyiwa vipimo vya moyo baada ya mwaka mmoja hata kama hawasikii kitu, nusu walifuatiliwa kwa kawaida na kupimwa tu dalili zikitokea. Hivyo havikuwa vipimo vya damu. Vilikuwa vya mazoezi na picha, vinavyouona moyo wenyewe ukikosa damu. Baada ya miaka miwili, waliokufa, waliopata shambulio la moyo au waliolazwa kwa maumivu ya kifua yasiyotulia walikuwa asilimia 5.5 katika kundi la kwanza na asilimia 6.0 katika la pili. Kitakwimu hakuna tofauti. Kama kipimo kinachoutazama moyo wenyewe hakikuwaokoa wasio na dalili, sioni kwa nini protini inayopita mkononi ifaulu.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu stenti si habari ya ng'ambo tena. Zinawekwa Dar es Salaam katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, zinawekwa Nairobi, zinawekwa Kampala katika Taasisi ya Moyo ya Uganda, na wapo wengi waliorudi nazo kutoka India. Siku kiashiria chochote kitakapopata kibali Ulaya au Marekani, mashine na vitendanishi vyake vitaletwa hapa pamoja na mpaka wake ulioandikwa kwenye kijikaratasi: juu ya namba hii kuna hatari, chini yake ni salama. Mpaka huo utakuwa umechorwa kwa damu za watu wengine.

Chukua esinofili. Kuna watafiti waliohusisha chembe hizi nyeupe na protini zinazotoa na matatizo ya stenti za dawa, kwa hoja kwamba mwili unaukataa mpako au chuma. Esinofili ndizo hupanda mtu akiwa na minyoo au kichocho. Katika vijiji vya kandokando ya Ziwa Victoria, au mashamba ya mpunga ya Mwea, namba hiyo itasema nini juu ya moyo? Chukua uwiano wa neutrofili na limfosaiti, kiashiria cha bei rahisi kuliko vyote kwa kuwa kimo tayari katika kipimo cha picha nzima ya damu. Sehemu kubwa ya Waafrika wamerithi badiliko la jeni ya Duffy, lililoenea kwa kuwa huwakinga na malaria aina ya vivax. Badiliko hilohilo huzifanya neutrofili zao kuwa chache katika damu bila ugonjwa wowote. Mpaka uliowekwa Istanbul au Seoul utamwona mtu huyu salama wakati wote. Nayo CRP, ambapo malaria, kifua kikuu na vidonda vya mguu vya kisukari ni mambo ya kila siku, hupanda na kushuka kwa sababu zisizoijua stenti. Hata lipoprotini(a), chembe ya kubeba mafuta katika damu ambayo hurithiwa na haibadiliki sana maishani, kwa wastani iko juu zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Namba ya kumtia hofu Mzungu inaweza kuwa ya kawaida kwetu.

Sisemi tuvikatae. Nasema Muhimbili, Makerere na Nairobi zihifadhi damu za wagonjwa wao wa stenti tangu sasa, zikiwa na tarehe, aina ya stenti, na kumbukumbu ya kilichompata mgonjwa baadaye, ili siku ya kuulizwa mpaka wetu uko wapi tuwe na la kujibu. Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri na daftari linalotunzwa vizuri vina thamani kuliko mashine ya viashiria isiyo na historia.

Tukisubiri siku hiyo, damu haikosi kazi. Katika orodha ya Munich, kisukari kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoambatana na stenti kuziba, pamoja na mishipa myembamba na urefu wa stenti. HbA1c ya wastani wa sukari ni kipimo cha damu. Lehemu mbaya ya LDL ni kipimo cha damu. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2019 unataka mtu aliye na ugonjwa wa mishipa ya moyo ashushwe chini ya milimoli 1.4 kwa lita, na baada ya miaka kadhaa mafuta mapya hujijenga ndani ya stenti yenyewe, kwa hiyo namba hiyo haimalizi kazi yake siku ya stenti. Kreatinini ya figo ni kipimo cha damu. Havina sifa za magazetini na havitabiri kovu kwa kiwango chochote cha kujivunia, lakini kila kimoja kinaelekeza kwenye tiba ambayo faida yake imethibitishwa. Mgonjwa anayeniuliza kuhusu kiashiria kipya ilhali HbA1c yake ni asilimia 10, namjibu kwamba tayari tunacho kiashiria na hatujakitumia.

Na tiba ya aliyeziba imesogea mbele kuliko utabiri. Puto lililopakwa dawa huifikisha dawa ukutani bila kuongeza tabaka jingine la chuma. Katika jaribio la AGENT la Marekani, lenye wagonjwa 600, mwaka mmoja baadaye tiba ilishindwa kwa asilimia 17.9 ya waliotibiwa kwa puto la dawa na asilimia 28.6 ya waliotibiwa kwa puto la kawaida. Marekani iliidhinisha puto hilo Machi 2024. Anayechelewa kurudi ndiye anayezikosa faida hizi.

Kwa hiyo wewe uliye na stenti, au unayemuuguza mwenye nayo: omba kadi inayoonyesha tarehe iliyowekwa, aina yake, upana, urefu na mshipa uliowekewa, uipige picha na uitunze kwenye simu. Usiache aspirini wala klopidogreli kwa sababu unajisikia vizuri au duka limeishiwa; stenti inayoganda damu ghafla huua haraka kuliko inayoziba polepole, na uamuzi wa kuziacha ni wa daktari wako. Ukianza kubanwa kifua ukipanda ngazi, au kuchoka kwa kazi uliyoizoea, hasa kati ya mwezi wa tatu na wa kumi na mbili, rudi kliniki wiki hiyohiyo. Ukibanwa ukiwa umekaa, nenda hospitali saa hiyohiyo. Usisubiri majibu ya maabara yoyote.